Barua ya wazi kwa mnaosimamia elimu ya Kiyahudi huku kwetu: turuhusuni Kiswahili darasani

Wazee wetu, mama zetu, marabi, walimu wakuu, na nyinyi mnaotoa pesa na kuamua vitabu gani vitumwe wapi, shalom na salamu nyingi kutoka huku juu Nyandarua, karibu na pale barabara inakata ikweta ukienda Nyahururu.

Mi ni mwalimu. Siku za kazi nafundisha hesabu shule ya msingi, alafu Jumapili asubuhi nafundisha jamii yetu ndogo ya Kiyahudi, Tora (vile vitabu vitano vya Musa), sala, sikukuu, kusoma Kiebrania, yote hayo chumba kimoja cha mabati na benchi nne. Tuko 23. Mdogo ana miaka 6, mkubwa ni shosho mmoja amepita 70 na hajawahi kukaa darasani maisha yake yote mpaka alipokuja kwetu. Kuna ndugu wawili mama yao ametoka Mbale, Uganda, nyumbani wanaongea Lugwere. Kuna kijana wa miaka 12 ambaye ni kiziwi. Na kuna watoto wa majirani wanaofuata marafiki zao, wengine wa kanisani na mmoja Muislamu, wanakuja kwa sababu wanapenda hadithi na sijawahi kuwafukuza wala sitawafukuza. Kikuyu, Kimasaai kidogo, Lugwere, ishara za mikono. Lugha moja tu ndo inatuunganisha wote, na ni hii naandikia.

Sasa mwaka jana tulikaa kwenye mafunzo ya walimu kwa vidio, jioni tatu mfululizo, na nilishukuru kwa kweli maana nilijifunza mengi. Jioni ya mwisho nikauliza kama naweza kuandaa karatasi za masomo kwa Kiswahili. Nikajibiwa kwa upole kabisa kwamba Kiswahili ni sawa kwa kueleza mambo ya nyumbani, lakini maandiko yafundishwe kwa Kiebrania na Kiingereza ili watoto wetu waweze kujiunga na Wayahudi wa dunia nzima. Wiki mbili baadaye ukaja ujumbe, karatasi zozote za Kiswahili zisitumike mpaka zipitishwe. Nikauliza nani anazipitisha. Mpaka leo sijajibiwa, na karatasi 31 nilizoandika usiku baada ya kusahihisha madaftari ya shule ziko kwenye bahasha chini ya kitanda.

Sitaji ni nani alisema, sio lengo. Nawaandikia kwa sababu naamini hamjui mnachokiacha nje ya mlango, na nataka niwaonyeshe.

Nianze na saa. Mishna, ule mkusanyo wa zamani wa sheria za marabi, inafungua kwa swali la Shema, sala ya "Sikiza Israeli", inasomwa kuanzia lini mpaka lini, na mbele kidogo tu Rabi Yehoshua anasema Shema ya asubuhi inasomwa mpaka saa tatu, kwa sababu watoto wa wafalme huamka saa tatu. Kitabu mlichotutumia kina nusu ukurasa mzima wa kueleza hii "saa tatu", eti chukua mchana wote ugawe kwa kumi na mbili, kila kipande ni saa moja, kwa hivyo saa tatu sio three a.m. bali ni kama nine a.m. kwa saa ya ukutani, ila inategemea msimu, na kuna jedwali la miji ya Marekani. Naelewa kwa nini. New York mchana wa Desemba una urefu wa saa tisa na dakika kidogo, wa Juni una saa kumi na tano, lazima mtu afanye mahesabu. Lakini nilipomsomea binti wa miaka 9 kwa Kiswahili, "mpaka saa tatu", aliniangalia tu akasema, si ndio saa ile tunakunywa uji shuleni? Ndiyo. Ndiyo hiyo hiyo mwanangu! Sisi tunahesabu saa vile Mishna inahesabu, kutoka jua linapochomoza, saa moja, saa mbili, saa tatu, na huku ikweta mchana ni karibu saa kumi na mbili Januari mpaka Desemba, tofauti na saa ya Mishna haifiki saa nzima. Mtoto wa Kiswahili hahitaji jedwali. Anahitaji tu mtu amsomee kwa lugha yake.

Na inaendelea. Sala ya alasiri inaanza kuswaliwa saa sita na nusu, ukisema hivyo Kiswahili kila mtu anajua jua liko wapi. Siku ya kuamkia Pesakh, sikukuu yetu ya kutoka Misri, Rabi Yehuda anasema chachu inaliwa saa nne zote za kwanza, saa ya tano inasubirishwa, hailiwi wala haichomwi, na mwanzo wa saa sita inachomwa. Mama zetu walivyosikia hiyo walicheka kwa furaha, mmoja akasema kumbe hawa watu wa zamani walikuwa wanatumia saa yetu. Jua likizama sisi tunaanza saa moja ya usiku, na siku ya Kiyahudi inaanza hapo hapo jua likizama, sijawahi kutumia zaidi ya dakika tano kueleza kwa nini Shabati inaingia Ijumaa jioni. Kitabu chenu kina sura nzima ya jambo hilo, na ni sura nzuri, lakini iliandikiwa mtoto ambaye siku yake inaanza usiku wa manane, sio huyu wangu.

Alafu hesabu, na hapa mnisamehe maana ndio kazi yangu. Kipindi cha kuhesabu Omeri, zile siku 49 tangu Pesakh, niliandika makumi ubaoni, upande huu Kiswahili upande ule Kiebrania kwa herufi za kwetu. Ishirini, esrim. Thelathini, shloshim. Arobaini, arbaim. Hamsini, khamishim. Sitini, shishim. Sabini, shivim. Themanini, shmonim. Tisini, tishim. Mia, mea. Elfu, elef. Sikusema kitu, nikakaa pembeni. Dakika moja hivi kimya, alafu mvulana wa nyuma akasimama akasema mwalimu, pale sisi tunaweka th wao wanaweka sh. Angalia thelathini, angalia themanini. Mtoto wa darasa la sita amegundua peke yake jambo ambalo wataalamu wa lugha wanalifundisha chuo kikuu, kwamba Kiarabu kilichotupa sisi hayo maneno na Kiebrania ni ndugu wa tumbo moja. Kutoka hapo hawakushikika, wakaanza kuwinda wenyewe, sadaka na tsedaka, baraka na brakha, nafsi na nefesh, roho na ruakh, malaika na malakh, kaburi na kever, hekima na khokhma, hesabu na kheshbon, damu na dam ambayo karibu haijabadilika. Yule mtoto wa Kiislamu ndiye alileta mengi kuliko wote, kwa sababu anasoma madrasa, na siku hiyo alikuwa mwalimu msaidizi wangu. Usiku wa mwisho wa Omeri walisema tisha vearbaim, tisa na arobaini, bila karatasi. Kiingereza kingewapa nini hapo? Forty-nine haina ndugu yeyote kwenye ukurasa ule.

Lakini sitaki mfikiri Kiswahili ni rahisi tu na tamu tu, kuna mahali kinatega, na hapo ndo mwalimu anayekijua anahitajika zaidi. Siku za wiki. Kiebrania kinahesabu kutoka Jumapili, hiyo ni siku ya kwanza, Jumatatu ni yom sheni yaani ya pili. Sisi tunahesabu baada ya Ijumaa ya Waislamu, kwa hivyo Jumamosi ndiyo mosi, Jumapili ya pili. Mtoto akitafsiri yom sheni anaandika Jumapili na kwa akili yake yuko sawa kabisa. Nilikuta wanafunzi wameandika hivyo kwenye mtihani mmoja uliotumwa, wote walikosa, na aliyesahihisha aliandika pembeni kwamba hawajasoma. Walikuwa wamesoma. Na Shabati yenyewe, siku ya saba, kwa lugha yetu inaitwa ya kwanza, lazima mtu akae na mtoto amweleze hiyo taratibu.

Au chukueni neno Pasaka. Kwenye Biblia ya Kiswahili ni ile ya kutoka Misri, mtaani ni ile ya kanisa, na mtoto wa jirani anakuja kwetu Aprili anauliza mbona hatuna msalaba. Sabato ukiitamka huku watu wanakuona wewe ni Msabato wa kanisa la Adventisti, shosho wetu amechoka kueleza hilo sokoni. Haya mambo hayamo kwenye kitabu cha Kiingereza na hayawezi kuwemo, aliyekiandika hajawahi kuulizwa.

Na herufi. Siduri, kitabu cha sala, mliyotuletea ina sala zimeandikwa kwa herufi za Kilatini ili asiyejua Kiebrania afuate, jambo jema sana. Lakini zimeandikwa kwa masikio ya Mwingereza. Imeandikwa baruch, na mtoto wetu anasoma ch ya chai, ch ya chakula. Mwaka mzima nilikuwa na darasa linabariki mkate kwa ch ya chapati. Nikaandika upya kwa kh, ile ya sheikh na kheri, wiki moja tu ikanyooka. Borei wanasoma bo-re-i, silabi tatu badala ya mbili, kwa sababu kwetu kila vokali ina haki yake. Na jambo ambalo linaniuma ni kwamba sisi tumebahatika, Kiebrania kinachosemwa leo kina vokali tano, a e i o u, na Kiswahili kina hizo hizo tano na zinatamkwa karibu sawa. Mtoto wangu akipewa tahajia ya Kiswahili anasoma sala vizuri kuliko watoto wengi waliokulia Kiingereza. Tunamzungusha kupitia London alafu tunamlaumu akichelewa kufika.

Mnasema Kiebrania kwanza. Mi nakubali na hakuna mtu huku anataka kukiacha, watoto wanakipenda. Lakini mnajua kuliko mimi kwamba tangu zamani Tora haikusomwa peke yake. Msomaji alisimama, na pembeni yake alisimama meturgeman, anaeleza kwa lugha ya watu, Mishna kwenye sehemu iitwayo Megila inampa hata kipimo, aya moja moja kwenye Tora, kwenye manabii anaweza kuruhusiwa tatu. Meturgeman! Sisi tunasema mtarjumani, tunasema tarjuma, ni neno lile lile limetembea mpaka likatufikia. Nehemia anasimulia vile Walawi walisoma kitabu wakaeleza maana mpaka watu wakafahamu. Rabi Saadia Gaon aliyezaliwa Misri aliiandika Tora kwa Kiarabu miaka elfu moja na zaidi iliyopita kwa sababu watu wake waliongea Kiarabu, na Wayahudi wa Yemeni wakaishika tarjuma hiyo karne na karne, na hakuna anayesema hawakujiunga na Wayahudi wa dunia.

Na hapa karibu yetu, ng'ambo ya Malaba. Semei Kakungulu, yule kiongozi wa Uganda aliyeanzisha jamii ya Kiyahudi ya karibu na Mbale, alifikaje kwenye dini hii mwaka 1919? Alisoma Biblia ya Kiganda, ambayo ilikuwa imekamilika kutafsiriwa 1896. Hakuwa na rabi, hakujua Kiebrania, alisoma kwa lugha aliyokuwa anafikiria nayo, akaona tohara, akaona siku ya saba, akasema kama imeandikwa basi tunafanya. Mwaka 1922 akawatolea watu wake kitabu kwa Kiganda, kurasa kama 90, sala na mafundisho. Aliaga 1928 na jamii ikabaki. Amin alipopiga marufuku dini yao wakaswali kwa kujificha, wakapungua kutoka maelfu mpaka wakabaki mia chache, na wale waliobaki walishikilia nini? Zaburi walizoimba kwa Kiganda. Wale ndugu wawili wa Mbale wanazijua, bibi yao aliwafundisha, na wanapenda kutuhadithia vile Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979 na jioni ile ile ilikuwa inaingia Pesakh, na wanajeshi walioingia kutoka Tanzania walikuwa wanaongea Kiswahili. Hiyo wanaisimulia kila mwaka kwenye Seda yetu, chakula cha usiku wa Pesakh, na mi naiacha ichukue muda wake.

Naomba niongee kuhusu kijana wangu kiziwi.

Alikuja miaka miwili iliyopita. Neno la kwanza la Shema ni "sikiza". Nilisimama mbele yake na neno hilo mdomoni na sikujua la kufanya, nawaambia ukweli. Nikauliza kwenye kundi la walimu, mtu mmoja akanijibu kwamba kwa sheria ya zamani kiziwi halazimiki na amri, kwa hivyo nisijisumbue. Ni kweli Talmudi, ile mijadala ya marabi juu ya Mishna, inamweka kiziwi asiyesema pamoja na mtoto mdogo na asiye na akili timamu. Lakini nilitafuta nikakuta mwaka 2011 kamati ya sheria ya marabi wa dhehebu la Konsavative Marekani iliamua kwamba kiziwi anayewasiliana kwa lugha ya ishara haingii humo, ana wajibu na haki kama mtu mwingine yeyote. Na hapa Kenya Lugha ya Ishara imetajwa kwenye Katiba yetu ya 2010. Basi kwa nini mimi ndo nimtafute rabi wa mbali kwenye intaneti usiku, na nyinyi mnajua haya na hayamo kwenye mafunzo ya walimu?

Mwaka uliopita kabla ya Rosh Hashana, mwaka mpya wetu, tulipata shofari, baragumu ya pembe ya tandala, ile ndefu ya kujipinda wanayotumia Wayahudi wa Yemeni, mnyama wa nyika zetu wenyewe. Nikampa aishike huku kwa mdomo mpana, viganja viwili, mi nikapuliza. Tekia, ule mlio mmoja mrefu. Alishtuka akaiachia, alafu akairudia haraka akaikumbatia kifuani, akanionyesha kwa mkono, tena. Nilipuliza mpaka midomo ikafa ganzi. Alipomaliza alikaa chini akachora kwenye daftari mistari, mmoja mrefu, mitatu ya kukatika, tisa midogo midogo. Tekia, shevarim, terua, milio mitatu ya shofari. Hakuna aliyemwambia idadi. Alihesabu kwa kifua.

Huyo mtoto anakuja na dada yake anayemtafsiria, dada akiwa mgonjwa tunabaki wote wawili tunaangaliana. Rava, rabi wa Talmudi, alisema watoto 25 mwalimu mmoja, wakifika 40 aongezewe msaidizi. Mi niko na 23, hata sivuki kipimo chake, lakini kati ya hao mmoja anahitaji mtu anayejua ishara na sio mtoto mwenzake wa miaka 14. Nauli ya mkalimani kutoka Nyahururu kila Jumapili ni ndogo kuliko gharama ya sanduku moja la vitabu kwa ndege.

Na shosho. Shosho hasomi na pengine hatasoma, macho yamechoka. Kila wiki nilikuwa naulizwa kwenye fomu ni wanafunzi wangapi wamefikia kiwango, na kila wiki yeye alikuwa sifuri. Talmudi kwenye ukurasa ule ule wa Rava inasimulia vile rabi mwingine, Rav, alimwelekeza Rav Shmuel bar Shilat, mwalimu wa watoto, kwamba anayesoma atasoma, na asiyesoma akae awe mwenza wa mwenzake. Shosho anakaa katikati ya wadogo, anajua hadithi yote ya Yusufu kwa kichwa kwa Kiswahili, na mtoto akikwama anamuuliza "alafu baba yake alisema nini?" mpaka mtoto anarudi kwenye kitabu kutafuta. Nimeacha kumwandika sifuri. Niliacha hiyo safu wazi na kama fomu ilirudishwa kwa sababu hiyo, basi sababu ndiyo hii.

Jambo moja dogo kabla sijamaliza, mvua. Watoto wanauliza mbona kwenye sala tunaacha kuomba mvua Pesakh wakati masika yetu ndo yanaanza na baba zao wameshapanda viazi. Talmudi inasimulia vile watu wa Ninawi walimtumia rabi swali kama hilo, wakihitaji mvua hata Tamuzi, mwezi wa kiangazi, wakajibiwa waombe kwenye baraka ya anayesikia sala. Ninawi waliuliza na walijibiwa. Nataka na sisi tukiuliza tujibiwe.

Basi ombi langu. Hizo karatasi 31 mpeni mtu azisome, watu wanaojua Kiswahili na Kiebrania wapo, hamkosi mmoja kati ya Nairobi na Yerusalemu, akikuta kosa alirekebishe na mi nitashukuru. Siduri ijayo ya huku iwe na tahajia ya Kiswahili. Saa ziandikwe kwa saa zetu. Na nauli ya mkalimani.

Mishna inaruhusu Megila, yaani kitabu cha Esta, isomwe kwa lugha nyingine kwa wanaoielewa, kwa hivyo sikukuu hii ya Purimu, baada ya kusomwa kwa Kiebrania kama kawaida, watoto watasoma Esta yote kwa Kiswahili. Wameshagawana sura 10. Wale wa Mbale wamechukua ya kwanza, shosho amepewa ya nne na ameshaishika kichwani. Kijana wangu amechukua ya sita, usiku ule mfalme hakupata usingizi, ataisoma kwa ishara na dada yake atatutamkia. Ningependa mtu kutoka ofisi zenu awepo. Tunaanza saa kumi alasiri, saa zetu.

Mwalimu, Nyandarua